Wahunzi wa Ruiru na Thika, na Asili ya Panga za Waarabu

Safari ya kutoka Nairobi kwenda Thika haizidi sana kilomita 40, na tangu barabara kubwa yenye njia nane ilipofunguliwa mwaka 2012, wengi huipita bila ya kutazama kushoto wala kulia. Mtu husinzia akiwa Kasarani, akaamka maji ya Chania yananguruma mbele yake, akadhani kwamba hapana alichokosa njiani. Lakini nchi iliyo katikati ya Ruiru na Thika ina habari zake. Upande wa magharibi miinuko ya Wakikuyu hushuka kutoka Nyandarua, mmoja baada ya mwingine, na kila bonde lina mto wake: Ruiru, Ndarugu, Chania, na Thika yenyewe. Upande wa mashariki nchi hulala tambarare mpaka Kilimambogo, na ng'ambo ya mto Athi huanza nchi ya Wakamba. Hapo zamani uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamasai. Basi makabila matatu yalikutana hapa, mara kwa biashara na mara kwa vita, na katika mambo yote mawili chuma kilikuwamo.

Mpaka leo chuma kimo. Kando ya njia, hasa pale Ruiru penye maduka ya vyuma chakavu, wahunzi wa jua kali huketi chini ya mabati na kuwasha makaa yao. Mvukuto wao si wa ngozi tena. Ni pangaboi dogo linalozungushwa kwa gurudumu la baisikeli au kwa nguvu za umeme. Fuawe yao ni kipande cha reli. Malighafi yao ni springi ya lori, ambayo hukatwa, ikatiwa motoni hata ikawa nyekundu, kisha ikapigwa nyundo mpaka ikawa jembe, au patasi, au shoka, au panga la shamba. Na mara nyingine huwa sime.

Wanunuzi wa sime ni wengi kuliko mtu anavyodhani. Vijana wa Kimasai wanaolinda malango ya viwanda na mabohari ya Thika usiku hupenda kuwa nayo kiunoni, na mazungumzo yao na mhunzi huwa mafupi.

"Mzee, hiki ni chuma gani?"

"Springi ya lori, kijana wangu. Lori lenyewe lilitoka Japani."

"Kitakata?"

"Kitakata kuliko utakavyopenda."

Kijana hulipa, akaipeleka sime yake kwa fundi wa ngozi ili ishonewe ala nyekundu, na usiku ule ule kila apitaye langoni humtazama akasema: ile ni sime ya Kimasai. Hapana asemaye kwamba ni chuma cha Japani kilichofuliwa na Mkikuyu mjini Ruiru. Ziko sime za zamani zaidi ambazo zilitengenezwa kwa kuchonga mapanga ya shamba yaliyoletwa kutoka Birmingham, Uingereza, na ukiisafisha moja vizuri utaiona ile alama ya mamba ya kampuni ya Ralph Martindale ingali pale karibu na mpini. Nayo pia huitwa ya Kimasai.

Desturi hii ya kumtaja mwenye kuvaa na kumsahau mwenye kufua ni ya kale sana, wala haikuanza Thika. Hapana silaha iliyotendewa hivyo kuliko upanga wa Mwarabu, nao ni upanga ambao watu wa Afrika Mashariki waliujua vizuri, kwa kuwa waliuona katika mikono ya watawala na wafanya biashara wa pwani kwa mamia ya miaka.

Kamusi za kale za Kiswahili zinazitaja aina zake. Upo upanga wa feleji, mrefu, ulionyoka, wenye makali pande zote mbili. Upo upanga wa imani, mfupi, ambao mpini wake umefanyizwa kama msalaba. Upo na kitara, ambao umepinda. Neno feleji lenyewe maana yake ni chuma cha pua kilicho bora. Panga za Waomani zilizonyoka ndizo zilizokuwa fahari ya Unguja na Mombasa tangu Sayyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mpini wake ni mrefu na wa mviringo kama kipande cha mwanzi, hauna kikingio cha mkono, kwa kuwa kazi ya kukinga hufanywa na ngao ndogo ya ngozi ngumu inayoshikwa kwa mkono wa pili. Bapa lake, yaani chuma chenyewe bila mpini, ni jembamba na jepesi kupindika. Katika ngoma ya razha, ambayo Waomani wanaicheza hata sasa, mchezaji huutikisa upanga hata bapa likatetemeka na kulia hewani, kisha huurusha juu na kuudaka.

Sasa, nani aliyelifua bapa lile? Watu wengi wangejibu upesi: Mwarabu. Jibu hilo mara nyingi si sahihi. Mafundi wa Oman walikuwa hodari mno kwa mipini na ala, na kazi yao ya fedha haina haja ya kusifiwa hapa. Lakini mabapa mengi waliyoyatia mipini hiyo yalikuja kwa merikebu kutoka Ulaya, na zaidi kutoka mji mmoja wa Ujerumani uitwao Solingen. Mji huo uko karibu na mto Wupper, ambao maji yake yaliendesha mitambo ya kunolea, na watu wake wamefua panga na visu tangu zamani za kati. Waliuza mabapa matupu, yakafungwa pamoja na kupakiwa kama bidhaa nyingine yoyote. Kila nchi iliyoyanunua ikayatia mpini wa desturi yake. Hivyo ndivyo bapa moja la Solingen lilivyoweza kuwa upanga wa Mwarabu hapa, upanga wa Mhabeshi pale, na upanga wa Msudani mahali pengine. Wahindi ndio waliokuwa wakweli kuliko wote katika jambo hili, maana upanga wao wenye bapa la Ulaya waliuita firangi, yaani wa Kizungu, wala hawakuona haya.

Mafundi wa Ulaya walitia alama katika kazi yao. Alama moja mashuhuri ni ya mbwa mwitu anayekimbia. Kwanza ilikuwa ya wahunzi wa mji wa Passau, kisha wale wa Solingen wakaichukua kwa kuwa wanunuzi waliiamini. Nyingine ni ya mwezi mwandamo wenye uso wa mtu. Wahunzi wa Sudan walipoona kwamba upanga wenye miezi miwili huuzwa kwa bei nzuri, nao wakaanza kuichora katika mabapa waliyoyafua wenyewe. Uajemi mambo yalikuwa yale yale. Huko Isfahan, katika zama za Shah Abbas aliyetawala tangu mwaka 1588 hata 1629, palisifiwa mfua panga jina lake Asadullah. Na jina hilo limeandikwa katika panga nyingi mno, nyingine za miaka mingi baada ya zama hizo, hata mtu mmoja asingaliweza kuzifua zote. Kwa hiyo alama, ambayo ilikusudiwa kumtambulisha mfuaji, mwisho ilifanywa pambo la kuuzia na kumficha zaidi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Waarabu hawakujua kufua. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya kwanza kinasema kwamba mikuki iliyoletwa katika pwani yetu ilitengenezwa Muza, bandari ya Yemen, hasa kwa ajili ya biashara hiyo, pamoja na mashoka, visu na shazia. Tena katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika risala nzima juu ya panga kwa ajili ya Khalifa al-Mu'tasim. Humo alizipanga kwa chuma chake na kwa nchi zilikotoka, na panga za Yemen aliziweka pamoja na zilizo bora. Lakini pamoja nazo alizitaja za Bara Hindi, za Serendibu, ambayo ndiyo Sri Lanka, na za Wafaransa wa kale. Basi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, mtu mwenye maarifa alipotaka kuusema upanga kwa haki, swali lake la kwanza lilikuwa: chuma hiki kimetoka wapi, na kimefuliwa na nani? Ni swali jema, na yafaa liulizwe tena.

Waarabu wa kale walipotaka kuusifu upanga waliuita muhannad, yaani wa Kihindi, na neno hilo likawa hata jina la watu. Sababu yake ni ile pua ya kusini ya Bara Hindi na ya Serendibu. Mafundi wa huko walitia vipande vya chuma katika chungu kidogo cha udongo pamoja na vijiti au majani, wakauziba mdomo wake, wakakiweka motoni kwa saa nyingi hata chuma chote kikayeyuka kwa kunywa kaboni ya yale majani. Kikipoa, hutoka donge dogo kama andazi. Bapa lililofuliwa polepole kutoka katika donge hilo huonyesha mistari kama maji yanayotiririka, nayo ndiyo iliyoitwa na wageni kazi ya Dameski, kwa kuwa ni katika soko la Dameski walikoiona. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilikufa. Viwanda vya Ulaya vilitoa chuma kingi na rahisi, mafundi wakaacha kufundisha watoto wao, na wataalamu wa siku zetu wamelazimika kuitafuta siri hiyo upya kwa majaribio.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo linalotugusa. Mwaka 1154 al-Idrisi, aliyemwandikia mfalme Roger wa Sisilia kitabu cha habari za dunia, alisema kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba chuma ndicho kilichokuwa biashara yao kubwa na faida yao. Alisema pia kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanya biashara wa Bara Hindi kwa uzuri wake, wakaenda kukifanyia zile panga zisizo na mfano. Hapana awezaye kuushika upanga mmoja wa kale na kuapa kwamba chuma chake kilitoka Afrika. Lakini njia ilikuwako. Chuma cha pwani hii kilivuka bahari, kikafuliwa na Mhindi, kikauzwa na Mwarabu, na huenda kilirudi Mombasa kiunoni mwa bwana mmoja, nacho kikaitwa cha Kiarabu.

Na bara je? Krapf, yule mmishenari wa Rabai, alipofika Ukambani mwaka 1849 alikisifu chuma cha huko. Katika miinuko ya Wakikuyu, juu ya Ruiru na Thika, chuma hakikuchimbwa katika miamba; kiliokotwa katika mchanga. Mvua inaponyesha juu ya milima, maji hushuka na mchanga mweusi mzito, nao hutulia mahali penye maji mapole. Wanaume, wanawake na watoto walishuka mtoni pamoja, wakauosha mchanga ule mpaka mwepesi ukaenda na maji na mzito ukabaki, wakauanika juani. Kisha yalichomwa makaa ya miti migumu, maana moto wa kuni za kawaida haufai. Tanuru lilikuwa shimo lililosiliwa udongo. Makaa yalitangulia, mchanga ukafuata, makaa tena, na pembeni mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ikavukuta kwa zamu, moja ikijaa nyingine ikitoa pumzi, kupitia mdomo wa udongo ambao moto haukuweza kuula.

Watu wengi hudhani kwamba chuma hicho kiliyeyuka na kumwagika kama uji. Sivyo. Kiliungana tu, kikawa donge lenye matundu, na ndani yake mavi ya chuma yamechanganyika. Kazi ya kuyatoa ilikuwa ya nyundo: kutia motoni, kupiga, kutia motoni tena, kupiga tena, hata donge likawa safi na dogo kuliko lilivyotazamiwa. Nusu ya jasho lote iliishia katika takataka. Mkulima wa miinuko hiyo ambaye jembe lake likigonga jiwe jeusi, zito, lenye matundu kama mkate, asilitupe haraka. Huenda si jiwe.

Mhunzi wa Kikuyu aliitwa muturi. Nyundo yake ilikuwa kipande cha chuma kisicho na mpini, naye kwa hicho alifua mikuki, vichwa vya mishale, mashoka, vyembe, koleo, bangili, na mikufu iliyosukwa kwa uzi mwembamba wa chuma ambao hata leo sonara angeutazama mara mbili. Juu ya vyote alifua ruhiu rwa njora, sime inayokaa katika ala. Kwenye mpini ni nyembamba. Kadiri iendavyo hupanuka, na karibu na ncha hukusanyika tena ghafula. Katikati umepita mgongo ulioinuka ili isipinde. Uzito wote uko mbele, na kwa hiyo inapokata huanguka kama shoka. Haikuigwa kwa Mwarabu, wala haifanani na upanga wake hata kidogo. Upanga wa Mwomani ni wa mtu anayecheza na kukwepa, sime ni ya mtu anayemsogelea adui mpaka akamfikia.

Kazi ya uhunzi ilikwenda kwa ukoo, baba akimfundisha mwana. Mhunzi aliheshimiwa na pia aliogopwa, kwa kuwa laana yake ilihesabiwa kuwa kali kuliko ya watu wengine: alikipiga chuma chenye moto juu ya fuawe huku akimtaja yule aliyemkosea. Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu, ambayo iko katikati ya miinuko hiyo hiyo, aliyaeleza mambo haya ya chuma na wahunzi katika kitabu chake cha mwaka 1938. Kiwanda cha mhunzi hakikuwa na mlango wala kufuli, wala hapakuwa na mwizi.

Kwa Wamasai ilikuwa vingine. Wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa; watu wengine hawakuoa kwao. A. C. Hollis, aliyeandika habari za Wamasai mwaka 1905, anaeleza kwamba mtu akipokea kitu cha chuma kutoka kwa mhunzi, hujipaka kwanza mafuta mkononi, ili unajisi usimpate. Lakini hawakuacha kununua. Hata wakati wa vita, wanawake wa Kikuyu walipita salama kwenda uwandani na unga, tumbaku na vibuyu, wakarudi na ngozi na mifugo. Mpakani kama hapa Thika silaha pia zilibadilishana mikono, ama kwa bei ama kwa kuokotwa penye maiti.

Mtu akiuliza kazi ya tanuru ilikufa lini, aanze na waya. Misafara ya pwani ilipoanza kuja bara kwa wingi, ilibeba ushanga, nguo, na mafungu ya waya. Joseph Thomson, aliyepita Umasai mwaka 1883, alichukua waya mnene wa chuma ulioitwa seng'enge, kwa sababu bila huo asingalipita wala kununua chakula. Teleki, aliyekatiza nchi ya Wakikuyu mwaka 1887, naye alikuja na bidhaa za namna hiyo. Mhunzi wa mwinuko alipoupata waya ule aliona jambo la ajabu: chuma safi, kisicho na mavi, kilichokwisha kuoshwa, kuchomwa na kupigwa na watu wengine asiowajua, kikauzwa kwa thamani ya mbuzi. Afanye nini? Hakulazimishwa na mtu. Alipima kazi ya siku nyingi mtoni na kwenye makaa, akaipima na fungu moja la waya, na akili yake ikamwambia aache mchanga. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Thika mwaka 1913, ikaleta majembe na mapanga yaliyokwisha kunolewa.

Bwana Routledge na mkewe, walioishi karibu na Nyeri kati ya mwaka 1906 na 1908, waliwahi kuiandika na kuipiga picha kazi ya chuma ya Wakikuyu, na kitabu chao kilitoka mwaka 1910. Ni bahati kwamba walifika wakati ule. Kufua kuliendelea, lakini kutoa chuma katika mchanga kulikwisha katika maisha ya watu wa rika moja au mawili. Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ilikuwa na bahati nyingine. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliwakuta wazee ambao walikuwa wameyawasha matanuru ujanani mwao, wakawaomba wajenge tena, na wazee wakajenga, wakakosea, wakasahihisha, na chuma kikatoka. Dunia ikajifunza kwamba matanuru ya namna hiyo huko Buhaya yalitoa chuma chenye kaboni tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Kando ya Chania na Ndarugu wazee wa namna hiyo nao walikuwako. Walizikwa na maarifa yao, na lawama haiwaendei wao. Hakuna aliyekwenda kuwaomba wajenge.

Mkono wa mhunzi, lakini, haukusahau. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wapiganaji wa msituni walibeba bunduki zilizotengenezwa kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira iliyokatwa. Nyingine zilimlipukia mpigaji mwenyewe. Hata hivyo mtu aziangaliaye leo katika makumbusho hawezi kukana kwamba aliyezifanya alijua chuma.

Leo chuma kinayeyushwa tena katika nchi hii, wala si kwa mivukuto ya mbuzi. Pale Ruiru kiwanda cha Devki hutoa nondo za kujengea yale maghorofa yaliyoifukuza kahawa, na Thika kuna kiwanda cha Blue Nile ambacho huvuta waya. Mtu anayekumbuka habari ya seng'enge atasimama kidogo hapo. Waya uliokuja kwa mabega ya wapagazi kutoka Mombasa na kuyazima matanuru ya mchanga, sasa huondoka Thika kwa malori.

Na springi za malori hayo zikivunjika, huenda kwa yule mzee chini ya mabati. Kassala, huko Sudan, wahunzi hufanya vivyo hivyo: hufua panga zao kwa springi za malori. Mzee wa Ruiru hachori mwezi wala mbwa mwitu. Ukimwuliza kwa nini haweki alama katika sime zake, hucheka na kusema kwamba anayezinunua anajua mahali alipozinunua.

Yule kijana wa langoni aliijaribu sime yake kwa kidole gumba, akaridhika, akahesabu fedha. Kabla hajaishika ya kuondoka nayo aliuliza: "Mzee, una mafuta?"

Mhunzi alimsogezea kopo la mafuta machafu ya injini. "Yapake kote, isishike kutu."

Kijana alichovya vidole, akajipaka kwanza kiganja cha mkono wa kulia, polepole, hata kikang'aa. Ndipo akaichukua sime.